Mapanga Mia Mbili ya Amani

Iko nchi moja inaitwa Shwari. Msiniulize iko upande gani wa ramani, maana mchora ramani wake alipelekwa likizo ya lazima baada ya kuchora mto mmoja ukiwa mkavu, nami sina hamu ya kumfuata. Itoshe kujua kwamba ni nchi ya amani. Amani imeandikwa kwenye bendera yake, kwenye mifuko yake ya saruji, na hata migongoni mwa sare za wafungwa. Miaka tisa iliyopita Rais wa Shwari alitangaza redioni kwamba magenge ya vijana yamekwisha nchini, na tangu siku hiyo hakuna raia aliyeruhusiwa kuyaona.

Kwa bahati mbaya, Nesi Chausiku alikuwa na macho mazuri.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mfupi, mwenye mikono myepesi, muuguzi pekee wa Zahanati ya Kigamba. Alikuwa akimlea peke yake binti yake, Siwema, msichana wa miaka kumi na sita aliyekuwa kidato cha tatu. Kila Jumatatu asubuhi, kabla hata hajavaa koti lake jeupe, alikuta benchi la zahanati limejaa watoto wa shule: huyu kapasuka kichwa, huyu kachanwa kiganja, huyu anatema jino. Waliotoka Mtaa wa Juu walikaa mwisho mmoja wa benchi. Hao walijiita Nyembe. Waliotoka Bondeni walikaa mwisho wa pili. Hao walijiita Mabati. Katikati aliketi mzee mmoja mwenye kikohozi, akijuta kuumwa siku ile.

Kazi ya kushona haikumsumbua Nesi. Kilichomsumbua ni fomu. Wizara ilikuwa imetunga Fomu ya Majeraha yenye visanduku vinne tu: ajali ya barabarani, kuumwa na mnyama, kuanguka kutoka mnazini, na ajali ya jikoni. Kigamba hakuna minazi. Gari lilikuwa moja, la Mkuu wa Wilaya, na nani angethubutu kuandika kwamba limegonga mtu? Wanyama wakali walihamishiwa mbugani kwa ajili ya watalii. Likabaki jiko.

"Umefanyaje?" alimwuliza Kibwana, kiongozi wa Nyembe, kijana mrefu wa miaka kumi na saba aliyekuja sikio likining'inia.

"Nilikuwa nakata kitunguu, Nesi."

"Kwa sikio?"

"Kilikuwa kitunguu kigumu."

Nesi akashona nyuzi saba, akaandika: jikoni. Mwezi ule wavulana arobaini na mmoja wa Kigamba waliumia wakikata vitunguu. Takwimu zilipofika mji mkuu, Wizara ya Wanawake ilifurahi mno. Haijapata kutokea katika historia ya Shwari wavulana wengi kiasi kile kuwasaidia mama zao kupika! Likaletwa kombe kubwa la shaba, Kombe la Usawa wa Jikoni, na Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Lugendo Matambo, akalipokea mbele ya kamera, akalibusu, akasema hayo ni matunda ya uongozi wake.

Huyu Mheshimiwa Matambo alikuwa mtu wa tumbo la heshima na sauti ya kengele. Hakuwa mgeni kwa vijana wale. Miaka miwili nyuma, wakati wa uchaguzi, ndiye aliyekuwa msimamizi wa kampeni za chama tawala pale Kigamba, na ndiye aliyewakusanya watoto wa mitaa yote miwili, akawapa fulana, filimbi na rungu moja moja, akawaita Vijana wa Hamasa. Walifundishwa uwanjani, mchana kweupe, jinsi ya kuvunja mkutano wa mpinzani: wa kushoto wapige filimbi, wa kulia wapige watu. Nesi aliwashona hata wakati ule. Wakati ule waliitwa walinzi wa demokrasia. Uchaguzi ulipokwisha, chama kikatuma lori kuzikusanya fulana, kwa kuwa zilikuwa mali ya chama. Marungu hayakudaiwa. Watoto wakabaki nayo, pamoja na ujuzi, na kwa kuwa mpinzani alikwishahama mji, wakaanza kufanyiana mazoezi wenyewe kwa wenyewe.

Haya yote Mheshimiwa hakuyaona mpaka jiwe moja la Mabati, lililokusudiwa kichwa cha Nyembe, lilipokosea njia likaingia kwenye kioo cha gari lake. Hapo ndipo alipogundua kwamba wilaya ina tatizo.

Ikaundwa Kamati Teule ya Kushangazwa na Yaliyotokea. Kamati ilikaa siku nne katika ukumbi wa halmashauri, ikishangaa kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa sita, kisha chakula, kisha inaendelea kushangaa. Mwalimu mkuu alisema chanzo ni mitindo ya nywele; ukimnyoa mtoto upara, hasira hazina pa kujificha. Mchungaji alisema ni suruali za kubana. Shehe alisimama, na watu wote wakatega masikio kwa sababu wawili hao walikuwa hawajakubaliana jambo tangu enzi za baba zao, akasema kwa hilo la suruali anamuunga mkono mchungaji kwa asilimia zote. Ukumbi ukapiga makofi, baadhi wakalia. Bwana mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi akasema wa kulaumiwa ni akina mama, halafu akamtuma mkewe amletee maji.

Nesi Chausiku aliinua mkono siku ya tatu.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, watoto hawa walifundishwa. Tunamjua aliyewafundisha, wapi, na kwa nini. Walipewa marungu, wakasifiwa, wakaachwa. Nadhani tungeanzia hapo."

Mheshimiwa Matambo akajifuta shingo kwa leso. Katibu wa kamati akainama, akaandika kwenye muhtasari: *Nesi ameomba bandeji zaidi. Ombi limepokelewa.*

Mwisho wa siku ya nne likatoka azimio, nalo likaitwa Amri ya Wawili Wawili. Kwa kuwa genge ni kundi, na kundi ni watu zaidi ya wawili, basi kuanzia Jumatatu hakuna kijana wa chini ya miaka ishirini atakayeruhusiwa kutembea na wenzake zaidi ya mmoja. Amri ilitekelezwa kwa bidii. Mechi za mpira zilichezwa na watu wawili wawili, mmoja golini, mwingine kila mahali. Kwaya ya shule ikaimba kwa zamu. Mama mmoja aliyejaliwa pacha watatu wa miaka kumi na miwili alikamatwa nao njiani, akaambiwa achague.

"Nichague nini, afande?"

"Yupi atatembea kesho."

Siku kumi baada ya amri kuanza, Nesi alirudi nyumbani mchana kuchukua dawa aliyokuwa ameisahau, akamkuta Siwema ameketi uani, ameuma kanga kwa meno, anajifunga mkono kwa kitambaa. Damu ilikuwa imelowesha sketi ya shule. Mama hakupiga kelele. Alikwenda akaleta maji moto na chumvi, akakaa mbele yake, akafungua kitambaa. Lilikuwa jeraha la chupa, kutoka kwenye kiwiko mpaka karibu na kifundo.

"Nilikuwa jikoni," Siwema akasema.

"Mimi ndiye niliyeanzisha uongo huo, mwanangu. Usinirudishie."

Siwema akatazama pembeni. Begi lake la shule lilikuwa wazi, na ndani, chini ya daftari la jiografia, Nesi aliona mnyororo wa baiskeli uliofungwa kitambaa upande mmoja ili usimuumize anayeushika.

"Tangu lini uko na Mabati?"

"Tangu muhula uliopita."

"Kwa nini, Siwema? Umekosa nini humu ndani?"

"Mama, njia yetu ya shule kutoka Bondeni inapita kwa Nyembe. Ukipita peke yako wanakupiga. Mkipita wawili wanawapiga wote wawili. Tulikuwa tunapita ishirini, wanatusalimia." Akakunja uso maji yalipogusa jeraha. "Sasa serikali imesema tupite wawili. Jana tumepita wawili."

Nesi alimshona binti yake nyuzi kumi na tatu pale pale uani. Zamani akiwashona watoto wa wenzake alikuwa akiwasemesha, akiwatania ili wasahau maumivu. Siku ile alihesabu nyuzi tu. Alipomaliza aliuchukua ule mnyororo, akautupa chooni, na akajua wakati unazama kwamba barabarani minyororo ni mingi.

Amri ya Wawili Wawili ilipoleta majeruhi mara mbili ya zamani, Mheshimiwa Matambo alitangaza kwamba imefanikiwa, na kwamba sasa ni wakati wa hatua ya pili: Siku Kuu ya Kusalimisha Silaha. Waziri wa Utulivu mwenyewe angetoka mji mkuu. Vijana wa Nyembe na Mabati wangesimama mbele yake uwanjani, waweke silaha chini, wakumbatiane, na redio ya taifa irushe matangazo. Kila atakayesalimisha angesamehewa na kupewa soda.

Wiki moja kabla ya siku yenyewe, karani alizileta ofisini silaha zilizokwisha kukusanywa. Mheshimiwa akazikagua mezani: minyororo minne, shingo za chupa, vipande vya mabati vilivyonolewa kwenye saruji, marungu matatu yenye nembo ya chama iliyofutika nusu, na bikari moja ya mkebe wa hesabu.

"Nini hii?" akauliza.

"Ni bikari, Mheshimiwa. Ya kuchorea duara."

"Waziri asafiri kilomita mia nne aje kupokea bikari? Mnataka kunifukuzisha kazi?" Akayatazama yale marungu, akayafunika upesi kwa gazeti. "Toa takataka hizi. Agiza mapanga."

Yakaagizwa mapanga mapya mia mbili, mipini myekundu, kila moja limefungwa utepe mweupe wa amani. Vijana wangepewa asubuhi ya sherehe, ili wapate cha kusalimisha.

Nesi aliposikia alidhani ni mzaha wa sokoni. Alipoyaona kwa macho yake yakishushwa kwenye ghala la halmashauri, alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Mkuu wa Wilaya, na koti la kazi mwilini.

"Mheshimiwa, unawapa mapanga watoto wanaouana?"

"Wanaokata vitunguu, Nesi. Fomu zako mwenyewe zinasema hivyo."

Hilo lilimpata Nesi.

"Fomu zangu zimesema uongo, nami nitaulizwa. Lakini hayo mapanga, Mheshimiwa. Yanakata?"

Mheshimiwa akaonekana kuudhika. "Ni mapanga ya serikali. Kwa nini yasikate?"

"Basi yafungwe makali. Au wapewe ya mbao."

"Waziri apokee midoli?" Akasimama, akaja kumshika bega kwa upole wa mtu anayemwelewesha mtoto. "Nesi Chausiku, wewe fundi wa vidonda. Mambo ya amani tuachie wataalamu."

Siku ikafika. Uwanja ulipambwa kwa maputo. Askari waliambiwa waache bunduki na virungu kituoni, kwa kuwa itakuwa picha mbaya, wakapewa kila mmoja njiwa wa kumrusha. Ofisa wa itifaki aliwapanga vijana mistari miwili, Nyembe huku, Mabati huku, wakitazamana, hatua sita kati yao, ili Waziri apite katikati. Mia kwa mia. Kila mmoja na panga lake mkononi.

Siwema alikuwa mstari wa Mabati. Nesi alijaribu kumfungia nyumbani, lakini mgambo walikuja kumchukua na orodha mkononi. Kukosa kusalimisha silaha lilikuwa kosa la jinai.

Waziri alitarajiwa saa nne. Saa nne ikapita. Kwaya ikaimba, wawili wawili. Saa sita jua likasimama utosini, wageni waheshimiwa wakaletewa soda hemani, zile zile za vijana, maana zingepata moto. Saa saba wakaletewa chakula. Vijana walisimama juani wakinusa pilau, wakitazamana, na kwa mara ya kwanza wakayapima mapanga mikononi mwao na kuona yalivyo mazuri kuliko kitu chochote walichowahi kupewa. Tepe nyeupe zilianza kuanguka mavumbini, moja moja.

Saa tisa simu ikaita hemani. Waziri alikuwa amepata udhuru, lakini angehutubia kwa simu. Mheshimiwa Matambo akaiweka simu kwenye kipaza sauti, na uwanja mzima ukasikia sauti ikikwaruza: "Ndugu zangu wa Kigoma..."

"Kigamba, Mheshimiwa," Matambo akanong'ona.

"...naona amani nyusoni mwenu."

Simu ikakatika. Watu hemani wakapiga makofi. Kisha Mheshimiwa, ambaye alikuwa ameshiba na anataka kwenda kulala, akashika kipaza sauti na kusema: "Haya, salimisheni! Tuanze na walioshindwa!"

Labda alimaanisha walioshindwa na shetani. Hatukuwahi kumwuliza. Mistari yote miwili ilisikia neno moja, na kila mstari ukatazama mwingine kuona nani atajisogeza. Mtu akacheka. Mtu akatukana mama wa mtu. Halafu hatua sita zikawa hazipo.

Njiwa wote waliruka kwa mpigo mmoja, maana askari waliwaachia ili wapate mikono ya kukimbilia. Hema ikabaki viti vilivyopinduka. Mheshimiwa Matambo alipanda gari akiwa bado na sahani. Nesi Chausiku ndiye mtu mzima pekee aliyekimbia kuelekea ndani. Alikimbia akiita majina. Alikuwa anawajua wote kwa makovu yao.

"Kibwana! Sikio hilo nimelishona mimi! Sizinga, mguu huo ni wangu! Sina uzi tena, mnanisikia? Uzi umekwisha! Atakayekatwa leo anabaki wazi!"

Sijui kama ni maneno, au ni kule kumwona mwanamke mfupi amevaa jeupe katikati ya vyuma. Walio karibu waliduwaa. Kibwana akashusha mkono. Wimbi la utulivu likaenda kutoka kwake mpaka nje, na watoto wakaanza kuyaangusha mapanga kana kwamba yamewachoma.

Mahali pamoja tu wimbi hilo halikufika mapema. Karibu na goli, mvulana wa Nyembe aitwaye Shomvi, miaka kumi na minne, alikuwa amepiga magoti ameshika kifundo cha mkono wake wa kulia, na kiganja hakikuwepo. Mbele yake, panga mkononi, mdomo wazi, alisimama Siwema.

Nesi aliyaona yote mawili kwa mara moja. Akapiga magoti kwa yule aliyekuwa akivuja damu. Alimfunga mkono kwa mkanda wa sketi ya binti yake, bila kumtazama binti usoni.

Gari la wagonjwa la misheni lilikuwa limepelekwa kumlaki Waziri mpakani mwa wilaya. Vijana wakang'oa ubao wa matangazo ulioandikwa KIGAMBA NI AMANI, wakamlaza Shomvi juu yake, Nyembe na Mabati wakabeba pamoja, mbio, kilomita saba mpaka hospitali ya misheni. Darajani wakakuta askari waliorudiwa na ujasiri.

"Simama! Mko wangapi nyie?"

"Wawili wawili," alijibu Nesi, akihema, "hesabu vizuri," na hawakusimama.

Shomvi aliishi.

Kesho yake Mheshimiwa Matambo alikuja zahanati mwenyewe, bila mlinzi. Akafunga mlango, akaweka fomu mezani.

"Andika jikoni," akasema.

"Watu elfu mbili waliona."

"Waliona sherehe. Nesi, sikia. Nimeambiwa ni mkono wa nani uliokata. Ukiandika panga, lazima pawepo aliyelishika. Ukiandika jikoni, mwanao anakwenda shule Jumatatu." Akatabasamu, kwa huruma ya kweli kabisa. "Mimi pia ni mzazi."

Nesi akaivuta fomu karibu. Miezi yote alikuwa ameandika uongo kwa watoto wa wenzake, na haukumgharimu kitu. Sasa uongo uleule ulikuwa umekuja kumwokoa, umevaa suti, unamngoja ajibu. Aliifikiria shule. Aliufikiria mwili wa Siwema tangu ulipokuwa wa kubebwa mgongoni. Mkono wake ulikwenda kwenye kisanduku cha nne na kukaa hapo.

Mlango wa ndani ukafunguka. Siwema alikuwa amelala kule stoo tangu jana. Hakuna aliyekumbuka kumkamata.

"Mama," akasema, "kama ilikuwa jikoni, basi mimi sikumfanya kitu. Na nilimfanya."

Nesi akachora kisanduku cha tano kwa mkono wake mwenyewe, akaandika: *Panga. Lilitolewa na ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Lilishikwa na Siwema, binti yangu.* Akatia sahihi, akagonga muhuri.

Kesi ilisikilizwa siku moja. Mheshimiwa Matambo aliitwa kama shahidi, akaulizwa nani aliwapa watoto mapanga. Alijibu kwa dakika arobaini, akagusia ukoloni, mvua na maadili, na alipokaa chini hakimu alimshukuru. Ikathibitika kwamba mapanga yalitolewa kwa ajili ya amani, hivyo ofisi haina hatia. Halafu hakimu akamgeukia Siwema, akamwuliza kama anakubali kosa.

"Ni mimi," Siwema akasema.

Karani aliinua kichwa. Wazee wa baraza wakatazamana. Hakuna aliyewahi kusikia maneno hayo katika mahakama ya Shwari, na hakimu ilimbidi ayarudie kwa sauti ili yaandikwe. Kisha akampa miaka miwili ya shule ya maadilisho, na kwa barua nyingine iliyosomwa siku ileile, Nesi Chausiku akahamishiwa zahanati ya mpakani, na Mheshimiwa Matambo akateuliwa mshauri wa taifa wa masuala ya vijana. Waandishi wakakimbilia kwa mshauri.

Nesi alitoka nje peke yake. Kwenye ngazi za mahakama alikuwa ameketi Bi Kidawa, mama yake Shomvi, na mwanawe kando yake, mkono umefungwa kitambaa. Watu waliokuwa karibu wakasogea nyuma, wakitarajia matusi au kofi. Nesi naye alisimama akingoja lolote litakalokuja.



"Huyu hanipi raha nyumbani," Bi Kidawa akasema. "Anasema vidole vinamwasha. Vile ambavyo havipo. Baba yake anamgombeza, anamwambia aache kudanganya."

Nesi akaketi kwenye ngazi, akaupakata ule mkono, akaanza kukifungua kitambaa taratibu.

"Vinamwasha kweli," akasema. "Mwambie baba yake amsadiki. Lete maji ya uvuguvugu, nikuonyeshe pa kumkanda."